Kisu cha Janga na Kisu cha Muhogo

Paukwa!

Pakawa!

Nani huyo kaitikia kama mgonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Sogeeni, ila msikanyage maganda. Leo nina hasira, nawaambia mapema. Baba yenu kaenda mnadani, karudi na kisu kinameta, mpini mwekundu, kimefungwa kwenye karatasi kama zawadi. Kaniambia, "Mama, hiki ni cha maisha." Muhogo wa kwanza nimemenya. Wa pili, mpini umebaki mkononi, bapa limerukia kwenye sufuria ya mboga. Hicho ndicho cha maisha! Basi tulieni niwape hadithi, na yeye aliyekaa huko nje akisikia, asikie.

Hapo kale palikuwa na kijiji chini ya mlima, na watu wake walikuwa warina asali. Chumvi hawakuwa nayo, mbegu hawakuwa nazo. Vyote walivipata kwa kubadilishana na asali. Na asali ilikuwa juu mlimani, msituni, na msituni kulikuwa na zimwi.

Zimwi hilo liliitwa Kumbakumba. Tumbo lake kama gunia la mahindi, mgongo umeota majani, na kisigino chake cha kushoto kilikuwa na mzizi. Mzizi mnene kama paja la mtu mzima, umeingia ardhini na kusambaa msitu mzima. Mrina asali akipita, zimwi linagonga kisigino chini, mizizi midogo inachomoza na kumkamata miguu. Halafu linaimba:

Kaza, mzizi, kaza!
Kisu chake kitamtoroka!
Kaza, mzizi, kaza!

Linaimba mara tatu. Mara ya kwanza mizizi inafika magotini. Mara ya pili inafika kiunoni. Mara ya tatu mtu si mtu tena, amekuwa kisiki. Na zimwi linamkalia!

Njia ya kupona ilikuwa moja: ukate mizizi kabla wimbo wa tatu haujaisha. Kwa hiyo kijiji kilikuwa na kisu maalumu, kikiitwa kisu cha janga. Kila msimu wa maua mrina asali mmoja alipanda mlimani, nacho kiunoni.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapochemka. Watu wale walikuwa na desturi zao. Panga, shoka na visu vya nyumbani vilikuwa mwiko kuingia msituni. Kiliingia kisu cha janga peke yake. Na kisu cha janga hakikufanya kazi. Hakikumenya muhogo, hakikuchonga mwiko, hakikukata hata kamba ya mbuzi. Kilitundikwa ukutani kwa Jumbe, mkuu wa kijiji, kikisubiri janga. Na siku kiliponunuliwa, wazee walikaa barazani wakakipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja akikisifu. Jambo hilo waliliita kukivika sifa. Asiyekisifu walisema amekiloga, amemtakia mabaya atakayekibeba.

Jamani! Kitu cha kuokoa roho ya mtu hakijaribiwi, na anayeuliza swali anaitwa mchawi! Akili gani hiyo?

Basi, kijijini hapo alikuwapo mwanamke, jina lake Namkunda, mke wa mrina asali aliyeitwa Mbonea. Baba yake Namkunda alikuwa mhunzi, mzee Senkondo, na alipokufa alimwachia kisu kimoja. Kisu kibaya, wajukuu zangu. Cheusi, alama za nyundo zimejaa, mpini wa mti wa mkwaju uliochongwa harakaharaka. Lakini chuma chake kilikuwa kipande kimoja, kutoka nchani hadi mwisho wa mpini, na misumari mitatu imepigwa ikapita upande wa pili.

Namkunda alikitumia kila siku. Kilimenya muhogo, kilipasua kuni, kilichimbua viazi. Na kila alipokinoa aliimba wimbo wa baba yake, akiuliza na kujijibu mwenyewe:

Kisu, msuka wako umefika wapi?
Mwisho wa mpini.
Kisu, una kiungo?
Sina.
Kisu, ukipinda?
Narudi.

Ehe, Chausiku, nakuona umeinua mkono. Msuka ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Hauonekani, ndiyo maana watu wanadanganywa nao.

Siku moja akaja mchuuzi, mtu wa maneno laini, mgongoni ana furushi la visu. Jumbe Mavoa akanunua kimoja. Mpini wa mfupa, umechorwa chui, bapa linameta hadi unajiona meno. Wazee wakakaa, wakakipitisha.

"Kisu kizuri!" akasema wa kwanza.

"Kisu kizuri!" akasema wa pili.

"Kisu kizuri mno!" akasema wa tatu.

Namkunda alikuwa akipita na mtungi wa maji. Akasimama. "Jumbe, shikamoo. Msuka wake umefika wapi?"

Baraza zima likamgeukia.

"Marahaba," akasema Jumbe. "Umekuja kutulogea kisu?"

"Nimeuliza tu, Jumbe. Kabla hakijatundikwa, kipigeni kwenye nguzo tuone."

"Kisu cha janga kipigwe kwenye nguzo! Hebu rudi jikoni, Namkunda."

Akarudi jikoni. Angefanyaje?

Maua yalipochanua, akapanda kijana mmoja, Mrutu, na kisu cha chui kiunoni. Zimwi likagonga kisigino. Mizizi ikamkamata. Mrutu akachomoa kisu, akainua mkono, na zimwi likapiga kelele, "Kisu, chomoka!"

Kikachomoka. Msuka wake ulikuwa mfupi kama kidole gumba, umegandishwa kwa nta. Bapa likaruka vichakani, Mrutu akabaki ameshika chui.

Kaza, mzizi, kaza! Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Basi.

Watu walikwenda kumtafuta, wakaishia ukingoni mwa msitu. Mtu hawakumwona, na hawakujua kuwa wimbo wa tatu ukiisha mtu anakuwa kisiki. Waliona kisiki kizuri cha mti mgumu, kimelala kando ya njia, zimwi limekisukumia huko. "Tusirudi mikono mitupu," wakasema, wakakibeba. Jumbe akaagiza kichongwe kigoda. Fundi akakilaza, akaliondoa tawi lililojitokeza upande wa kushoto ili kikae sawa, akakipiga msasa wa jani. Na Jumbe Mavoa akakikalia barazani kila siku, anakunywa uji.

Msilie bado, Kibibi na wenzako. Lieni baadaye.

Mwaka wa pili mchuuzi yuleyule akarudi, na Jumbe akanunua kwake tena. Safari hii kilikuwa kisu cha kukunja. Unakibonyeza, kinafunguka, ta! Wazee wakacheza nacho asubuhi nzima kama watoto. "Kisu kizuri!" "Kisu kizuri!" "Kisu kizuri mno!"

Namkunda akasimama uani. "Jumbe, kina kiungo hicho. Kitu kilichozoea kukunjika, kitakunjika."

"Umeanza tena?"

"Mrutu yuko wapi, Jumbe?"

"Rudi jikoni!"

Akapanda Kilua, baba wa watoto wawili. Zimwi likagonga kisigino. Kilua akafungua kisu, akaukandamiza mzizi kwa nguvu zote, na zimwi likapiga kelele, "Kisu, kunjika!" Kikakunjika juu ya vidole vyake mwenyewe. Kaza, mzizi, kaza! Mara tatu. Na kisiki cha Kilua zimwi likakiweka karibu na moto wake, likakikalia, likakunja nne.

Sasa nawaona mnatazamana. Mnadhani mchuuzi ndiye zimwi, kajibadilisha, ana mdomo wa pili kisogoni. La! Mchuuzi alikuwa mtu tu, kama mimi na ninyi. Anauza kinachonunuliwa. Na zimwi nalo halikuwa na uchawi mkubwa kama watu walivyodhani. Lilipokiambia kisu chomoka, kile kilikuwa kimekwisha kuchomoka tangu siku kilipotengenezwa. Hilo ndilo linaloniudhi, wajukuu zangu. Zimwi lilisaidiwa.

Mwaka wa tatu mchuuzi akaja na kisu kisichowahi kuonekana. Kirefu, mgongoni kina meno kama msumeno. Na mpini wake una kifuniko! Unazungusha, unafungua, ndani mna sindano, uzi, njiti tano za kiberiti, na ndoano ya samaki.

"Ndoano!" wazee wakasema, wakapigana viwiko. Kule mlimani hakuna hata dimbwi la chura. "Kisu kizuri!" "Kisu kizuri!" "Kisu kizuri mno!"

Na zamu ya kupanda ilikuwa ya Mbonea, mume wa Namkunda.

Safari hii Namkunda hakusimama uani. Aliingia barazani, akapita katikati ya wazee, akakichukua kisu, akagonga mpini kwa ukucha. Ko, ko, ko.

"Mpini mtupu," akasema. "Kama ndani mna sindano, msuka umekaa wapi? Na chuma chenyewe ni kikavu, hakijui kupinda. Huyu ni mume wangu mnayemtuma, si sindano."

Jumbe akapiga kigoda kwa kiganja. "Mwanamke huyu ametulogea kisu cha kwanza, ametulogea cha pili, na hiki anataka kukiloga. Akitia neno tena, anahama kijiji!"

Wazee wakatikisa vichwa. Hakuna aliyegonga ule mpini asikie mwenyewe. Hakuna hata mmoja!

Nyumbani Namkunda akafungua ala ya ngozi, akamwekea mumewe kisu cheusi mapajani. "Baba, chukua hiki."

Mbonea akakitazama. Kilikuwa bado kinanuka kitunguu. "Mke wangu, niende mlimani na kisu cha muhogo? Watanicheka mpaka nizeeke."

"Heri uzeeke."

"Nacho ni mwiko."

"Mrutu alifuata mwiko. Kilua alifuata mwiko."

Mbonea akakirudisha, taratibu, bila kumtazama machoni. Asubuhi akaondoka na kile cha ndoano.

Namkunda akabaki na muhogo mbele yake. Akamenya mmoja. Akamenya wa pili. Wa tatu akautupa chini. "Mwaka wa kwanza nimerudi jikoni," akasema kwa sauti. "Mwaka wa pili nimerudi jikoni. Leo sirudi." Akafunga kibwebwe, akachomeka kisu kiunoni, akaingia msituni mchana kweupe, watu wanamtazama.

Alipofika juu akasikia wimbo. Itikieni!

Kaza, mzizi, kaza!

Mbonea alikuwa amekwisha kubanwa magotini. Alipiga mizizi kwa kile kisu chenye meno, na zimwi likapiga kelele, "Kisu, vunjika!" Kikavunjika palepale bapa linapokutana na mpini. Njiti zikamwagika. Mbonea akabaki ameshika ndoano, na zimwi likacheka mpaka majani ya mgongoni yakapukutika.

Kaza, mzizi, kaza! Mara ya pili. Mizizi ikafika kiunoni.

Namkunda akatokea mbio. Akapiga magoti, akaingiza kisu cheusi chini ya mizizi, akavuta. Kra! Akavuta tena. Kra! Mguu wa kwanza ukatoka.

Zimwi likageuka. "Nani huyo? Kisu, chomoka!"

Msuka ulifika wapi?

Mwisho wa mpini!

Hakikuchomoka. Mguu wa pili ukatoka, na Mbonea akaanguka chali, yuko huru, lakini miguu yake haijapata damu.

Zimwi likagonga kisigino, mizizi mingine ikachomoza, ikashika vifundo vya miguu vya Namkunda mwenyewe. Angekata hiyo, ingekuja mingine. Akafuata kwa macho inakotoka, akaona mzizi mama, ule wa kisiginoni. Akajivuta, akauwekea kisu juu, akaokota gogo, akaanza kugonga mgongo wa kisu kama mtu anayepasua kuni. Pu! Pu!

"Kisu, kunjika!" zimwi likalia.

Kina kiungo?

Hakina!

Hakikukunjika. Pu! Pu! Kikazama hadi katikati ya mzizi, kikanasa. Zimwi likaanza kuimba haraka, linameza maneno, kaza mzizi kaza, na mizizi ikampanda Namkunda magotini, ikampanda kiunoni. Akashika mpini kwa mikono miwili, akaukandamiza upande kwa uzito wake wote. Chuma kikapinda. Mbonea alikiona kikipinda, akafumba macho.

"Kisu, vunjika! Vunjika! Vunjika!"

Kikipinda?

Kinarudi!

Kikarudi! Kikarudi, na mzizi ukapasuka vipande viwili. Zimwi Kumbakumba likakauka pale lilipo, likapungua, likapungua, hadi likabaki rundo la majani makavu. Na kisiki lilichokikalia kikapiga chafya. Alikuwa Kilua, anauliza kama wanawe wamekula.

Mbonea akamtazama mkewe, akafungua kinywa. "Nyamaza tu," akasema Namkunda. "Utasema ukishakula."

Huku kijijini, wakati uleule, baraza lilikuwa limejaa. Mchuuzi alikuwa amefungua furushi lake tena! Mwanamume bado yuko mlimani, na wao wanatazama kisu cha mwakani. Jumbe Mavoa yuko kwenye kigoda chake. "Kisu kizuri!" akasema wa kwanza. "Kisu kizuri!" akasema wa pili. Wa tatu alipofungua kinywa, kigoda kikasema, "Ondoka juu yangu."

Jumbe akarushwa kule na bakuli lake la uji. Na pale kilipokuwa kigoda, akasimama Mrutu. Mzima, kijana kama alivyoondoka. Ila mkono wa kushoto uliishia kwenye kifundo. Kiganja hakikuwapo. Lilikuwa lile tawi ambalo fundi aliliondoa ili kigoda kikae sawa.

Sasa mnaweza kulia. Mimi nilipohadithiwa mara ya kwanza sikulia, nilitaka kumpiga mtu.

Kabla jua halijatua, Namkunda akaingia kijijini na Mbonea na Kilua. Watu wakapiga vigelegele. Jumbe Mavoa akajikung'uta uji, akakohoa, akaifanya sauti kubwa. "Leteni kisu hicho! Kuanzia leo ndicho kisu cha janga. Tukivike sifa, tukitundike ukutani kwangu."

"Kisu kizuri!" akasema wa kwanza, mbio.

Mrutu akainua mkono wake usio na kiganja. Hakuuinua sana, hadi usawa wa macho ya wazee tu.

"Mlisema hivyohivyo siku mliyonipa kile," akasema. "Nani kati yenu alikijaribu?"

Mrutu akachukua kile kisu kipya cha mchuuzi kwa mkono wa kulia, akakipiga kwenye nguzo ya baraza, akakizungusha. Mpini ukatoka. Akauweka mikononi mwa Jumbe, kwa adabu zote.

"Kikalie hicho," akasema.

Jumbe akasimama na mpini wake, hajui auweke wapi. Mchuuzi alikuwa amekwisha kufunga furushi, yuko njiani. Wazee wakamgeukia Namkunda, wakamwomba walau akiache kisu chake wakitazame.

"Nipisheni," akasema Namkunda. "Watu watatu hawa hawajala tangu walipoondoka." Akakaa chini palepale barazani, mbele ya wanaume wote, akavuta kapu la muhogo, akaanza kumenya.

Toka siku hiyo, kijijini pale kisu kikinunuliwa hakisifiwi. Kinapigwa nguzo, kinapindwa, kinaulizwa maswali yake matatu, na wa kwanza kukishika ni anayemenya muhogo. Mrutu ndiye anayeuliza. Anaponyoosha mkono ule kukipokea, hakuna mzee anayethubutu kuharakisha.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia aondoke nayo, aliyesinzia kisu chake kimchomoke mkononi.

Na funzo lake mlishike: chombo cha kukuokoa siku ya hatari kijaribu siku ya amani, tena kwa mikono ya anayefanya kazi nacho. Na mtu akiuliza swali, mjibuni, msimrudishe jikoni.

Haya, Chausiku, toka nje umpelekee baba yako huu mpini mwekundu. Mwambie bapa lake lipo kwenye mboga, akilikuta kwenye sahani asishtuke, ni cha maisha.